Medali ya Babu, Anayeulizwa Kwanza Awe Bibi



Mnatujua kwa magauni ya nikahi na mashela, na tunajua wengine mmefungua hapa mkitaraji bei za msimu huu. Bei zitakuja Ijumaa, inshallah. Leo tuna jambo la bara, la Makambako na Njombe alikotoka mama yetu, na tunaomba mlisome mpaka mwisho hata kama babu yenu hakuwahi kushika bunduki.

Kuna mtu anapita kwenye nyumba za wazee huko. Amevaa vizuri, ana mkoba wa karatasi, anawaambia watu kwamba Uingereza inalipa fidia kwa wajukuu wa askari wa Keya. Keya ndiyo KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililochukua vijana wetu wa Afrika Mashariki. Fomu yake inalipiwa, na baada ya fomu anataka medali yenyewe, aende nayo "kuihakiki". Mjomba wetu mmoja tayari amelipa fomu. Medali bado hajaitoa, kwa sababu shangazi zake mama walipiga kelele, nasi ndugu wawili kutoka Unguja tukapiga simu na kelele zetu.

Msimamo wetu tunausema mapema. Medali ile isitoke nyumbani. Na kabla ya mjomba yeyote kuandika barua kwa mtu yeyote, aulizwe bibi, mjane wa aliyevaa ile medali. Karibu kila kitu kinachohitajika kumjua babu kiko kwake, na kama kuna haki yoyote iliyobaki duniani kwa ajili ya utumishi ule, basi ni yake kabla ya kuwa ya wajukuu.

Haya hatuyasemi kwa kuwa sisi ni wanawake tu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 za kuwasaidia waliotumikia jeshi lake kabla ya nchi zao kupata uhuru. Fedha zile zilikuwa kwa ajili ya maveterani wenyewe wenye shida na wajane wao, kama watu 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola, na lengo kubwa lilikuwa mzee apate kula vizuri. Zilipitia shirika liitwalo Royal Commonwealth Ex-Services League, ambalo hufanya kazi na vyama vya maveterani vya kila nchi. Someni tena hapo: veterani na mjane. Mjukuu hayumo. Yule bwana wa mkoba anauza kitu ambacho hakimhusu mjukuu, na bibi mwenye miaka karibu tisini amekaa jikoni, hakuna aliyemuuliza hata jina la kikosi cha mumewe.

Sisi tulikwenda kumuuliza. Mkifika Makambako mtaijua kwa upepo. Ni pale njia ya Songea inapoachana na ile kuu ya Mbeya, treni ya TAZARA inapita, na baridi yake inamfanya mtu wa Unguja avae kanzu mbili. Tuliingia kwa "kamwene" kama mama alivyotufundisha, tukapiga shikamoo, tukakaa. Siku ya kwanza hatukuuliza kitu. Tulimenya viazi. Ya pili ndipo tulipomwomba bibi atusimulie.

Wajomba walikuwa wanajua kwamba babu "alipigana Burma" basi. Bibi alijua kwamba aliondoka nyumbani kabla hajaota ndevu vizuri, akapelekwa Dar es Salaam, akapanda meli, akawa mahali penye mvua isiyokatika na matope, watu wakifa kwa homa kuliko kwa risasi. Alijua pia namba yake ya jeshi. Hakuisoma popote, ila mumewe kila alipopandwa na homa, usiku, alikuwa akiitaja kwa sauti, kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, kama mtu anayejibu jina likiitwa. Bibi hajui Kiingereza. Aliturudia sauti zile alivyozisikia miaka hamsini iliyopita, tukaziandika. Kisha akatoa bati la majani ya chai, ndani yake mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne. Namba ikawa ile ile.

Hapa kuna kisa kimoja cha upande wa Wajerumani ambacho tunakipenda. Mnakumbuka kwamba bara ilikuwa ya Mjerumani kabla ya Mwingereza, na katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Malipo yao hayakukamilika. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba ofisi ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee kama mia tatu na hamsini, na wenye vyeti walikuwa wachache wa kuhesabika. Wengine walikuja na vipande vya sare vilivyochakaa. Afisa aliyeleta fedha akawapa ufagio mmoja mmoja badala ya bunduki, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Wakazifuata zote, hakuna aliyekosea. Mwili ulikuwa umehifadhi kile ambacho karatasi ilipoteza. Babu yetu na homa yake ni hivyo hivyo, ila yeye hakupewa ufagio na mtu. Aliyekuwa akimsikiliza ni mkewe.

Turudi kwenye medali, maana mafundi hatuwezi kukaa mbali na kitambaa.

Aliyoishika mjomba ni ya rangi ya fedha, mbele ina sura ya mfalme George wa Sita, nyuma ina simba amesimama juu ya joka. Hiyo ndiyo War Medal ya mwaka 1939 hadi 1945, waliyopewa watu wengi sana. Haisemi mtu alipigana wapi. Na jambo la kujua ni hili: medali za Waingereza za vita vya kwanza zilichongwa namba na jina la askari kwenye ukingo, kwa hiyo ukiwa na ya babu wa babu, isugue taratibu kwa kitambaa laini, igeuze pembeni usome. Za vita vya pili walizopewa askari wa huku kwetu kwa kawaida hazina jina. Ukishaipoteza, hakuna wa kukurudishia kwa kuona jina. Ukishampa mtu wa mkoba akakuletea nyingine, hutajua kama ndiyo.

Lakini bibi alikuwa na kipande cha utepe. Medali yake iliuzwa zamani, wakati wa njaa, na babu mwenyewe ndiye aliyeiuza, Mungu amrehemu. Utepe ukabaki. Bibi aliushonea kwenye mdomo wa kifuko cha kitambaa anachowekea tasbihi. Upana wake ni sentimita tatu na kidogo, mfumo umekaza, buluu iliyokoza pembeni, mwekundu mpana katikati, na kila upande wa buluu umepitiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Tulifungua picha kwenye simu, tukaweka kifuko pembeni. Ndio utepe wa Burma Star, nyota ya shaba waliyopewa waliotumika katika vita vya Burma. Kwa hiyo lile neno "alipigana Burma", ambalo kila familia husema, kwetu lina ushahidi, na ushahidi ulikuwa umeshonwa na mwanamke kwa mkono, mishono midogo midogo ya kurudia, imara mpaka leo.

Tunasema "ambalo kila familia husema" kwa makusudi. Huko Njombe vijana waliondoka kwa njia nyingi miaka ile. Tanganyika ilitoa askari karibu 87,000 katika vita vya pili, na Idara ya Kumi na Moja ya jeshi la Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika, ikafika mto Chindwin kabla mwaka haujaisha. Hilo ni kweli. Lakini vijana wengine wengi wa Ubena walikwenda Tanga kwenye mkonge, manamba, nao pia walikuwa na namba, nao pia wengine walishurutishwa wakati wa vita kwa sababu mkonge ulihitajika. Wakirudi, wote waliitwa "waliokwenda wakati wa vita". Mtoto akisikia hivyo, baba anakuwa askari. Si uongo, ni kumbukumbu kuchanganyika. Ukianza kutafuta medali ya mtu aliyekata mkonge utatafuta mpaka uchoke, na mwenye mkoba atakula fedha zako kila mwezi. Muulize bibi kwanza: alirudi na sare au na panga? Alikuwa akizungumzia bahari au shamba? Aliwahi kupiga kwata mbele ya watoto?

Jambo jingine ambalo bila bibi tusingelipata ni jina. Kwenye cheti babu ameandikwa jina la Kibena alilopewa na baba yake. Sisi tulikuwa tunamjua kwa jina la Kiislamu. Alisilimu akiwa jeshini, kwa mkono wa askari mwenzake wa pwani, akarudi Makambako anaswali katikati ya ukoo usio na Mwislamu hata mmoja. Kizazi chake chote, sisi tukiwemo, tumetokana na shahada ile iliyotolewa kambini. Wajomba walipokuwa wakimtafuta kwenye orodha za mtandaoni walikuwa wanaandika jina ambalo jeshi halikuwahi kulijua. Dada zetu wenye wazee waliosilimu, tafuteni majina yote mawili, na jina la baba yake pia, maana makarani walikuwa wakiandika walivyosikia, na herufi "l" na "r" walizichanganya watakavyo.

Sasa kuna wanaotuuliza, na mmoja alituuliza kwa ukali: vita ile ilikuwa ya Wazungu, Mwislamu anajisifia nini kwa nishani ya mfalme wa Kiingereza?

Hatujisifii. Ukisoma namna askari hawa walivyofanyiwa huwezi kujisifia. Mwaka 2019 ziliandikwa habari kutokana na nyaraka za jeshi zikionyesha kwamba kiinua mgongo cha kuachishwa kilipimwa kwa rangi ya mtu, na Mwafrika alipata kama theluthi ya mzungu wa cheo hicho hicho. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita vya kwanza, wengi wao wapagazi na askari wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Hapa kwetu tu angalieni. Kisiwa cha Chapwani wamezikwa mabaharia wa meli ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914 mbele ya mji wetu, na watalii hupelekwa kuwaona. Wapagazi wa Unguja waliobeba mizigo bara mwaka 1916, ambao Askofu Frank Weston alikuwa mkuu wao, nani anajua walipolala? Hata pale Makambako na Njombe, nchi ile ilipitiwa na majeshi yote mawili mwaka 1916, mapigano yakafika Lupembe na Ilembule, na kila jeshi lilikuwa likilishwa kwa migongo ya watu ambao hawana jiwe.

Kwa hiyo tunapotafuta hatumtafutii mfalme sifa. Tunatafuta jina la mtu wetu liandikwe sawasawa. Babu huombewa dua kila Alhamisi kwa jina lake, na tungependa kujua ni mtu gani tunayemwombea, aliona nini, alinyimwa nini.

Kuhusu wapi pa kutafuta tutasema kwa kifupi, kwa sababu kila familia ina njia yake. Aliyefia vitani hutafutwa bure kwenye orodha ya tume ile ya makaburi, mtandaoni, na baadhi ya wasio na kaburi linalojulikana wako kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi. Aliyerudi salama ni mgumu zaidi. Ukishajua kikosi, shajara za vikosi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, ingawa hazitaji kila askari. Faili za wilaya za wakati wa Mwingereza ziko Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sisi wa visiwani tuna nyaraka zetu Kilimani. Kuhusu medali ambazo hazikuwahi kuchukuliwa, wizara ya ulinzi ya Uingereza haitozi ada kwa ombi la ndugu wa karibu kwa vita vya pili na kuendelea. Za vita vya kwanza haitoi tena. Anayekuomba fedha ili "akufungulie" ombi hilo, mwambie afunge mkoba.

Tumefika kwenye lililotuumiza zaidi, na hili maharusi mlisome.

Tulipotaka kumwandikia bibi barua ya kuuliza kama bado kuna msaada wa wajane, swali la kwanza lilikuwa: ana cheti cha ndoa? Hana. Walioana kwa nikahi halali, mwalimu alikuja kutoka mbali kuifungisha, mashahidi wawili, mahari ikatajwa ikatolewa. Mwalimu amekufa, mashahidi wamekufa, na wakati ule hakuna aliyeandika. Mbele ya Mungu ni mke wa miaka zaidi ya thelathini. Mbele ya karatasi ni bibi kizee mwenye kifuko chenye utepe. Cheti cha jeshi kipo, cha babu. Cheti chake yeye hakipo.

Tunashona magauni ya laki tano, laki nane, mengine zaidi. Tunawauliza maharusi kuhusu urefu wa mkia wa gauni na idadi ya lulu. Tangu turudi Makambako tumeongeza swali moja tunapopima: cheti chako utakiweka wapi, na nakala atakaa nayo nani? Wengine wanacheka. Mmoja alisema cheti huwa anakaa nacho mume. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, ndiye aliyemjibu, na hatutayaandika hapa maneno yake.

Na mwenye bibi hai, harusi ndiyo nafasi. Siku zile za kuandaa, nyumba imejaa wazee kutoka shamba, kutoka bara, kutoka Pemba, wamekaa wanachambua mchele, hawana haraka. Acheni simu ya kupigia picha mapambo, iwashe irekodi sauti, muulize bibi: mume wako alikuwa nani kabla hajawa babu? Usimkatize. Usimsahihishe tarehe. Akiimba wimbo wa kijeshi aliousikia kwa mumewe, mwache aumalize.

Kuhusu mirathi, wajomba wanashikilia kwamba medali ni ya mtoto wa kiume mkubwa kwa sababu ni kitu cha vita. Tulimuuliza ustadhi wetu. Akatujibu kwamba mila ya ukoo ni mila, lakini kitu chenye thamani alichoacha marehemu kinaingia kwenye mirathi baada ya madeni na wasia, na mke aliyeachiwa watoto ana thumni yake, na mabinti wana fungu lao kama sheria ilivyopanga. Mkiuza, mgawane hivyo. Msipouza, mkubaliane wote itakaa kwa nani, na kukubaliana kuwe kwa ridhaa ya wanawake pia, sio kwa kunyamaza kwao. Sisi hatutaki iuzwe. Tungependa ikae kwa bibi kwenye bati lake la majani ya chai mpaka mwisho wa uhai wake, halafu ndipo tuzungumze.

Mjomba mkubwa hajakubali. Anasema wanawake wa pwani tumemharibia mpango, na fedha ya fomu anaidai kwetu. Kikao cha ukoo kitakuwa Makambako baada ya mavuno ya viazi, na safari hii bibi ameambiwa atakaa mbele.